Hodi kwenye Mashine ya Mbali

Ukipata kompyuta yenye Linux, ingia kwenye folda ya etc, fungua faili liitwalo services, kisha usome namba za poti, yaani milango ya mtandao, walizopewa wakongwe. Kuhamisha mafaili: 21. Telnet, iliyowaingiza watu kwenye kompyuta za mbali kabla wengi wetu hatujazaliwa: 23. Barua pepe: 25. Pitia orodha hiyo kwa subira na utaona kwamba wazee wengi wamekaa kwenye namba witiri, kana kwamba kuna mtu aliyezikwepa shufwa kwa makusudi.

Hakuna aliyezikwepa. Katika miaka ya 1970, kwenye mtandao wa Marekani ulioitwa ARPANET, muunganisho kati ya programu mbili ulipitisha maneno upande mmoja tu. Aliyetaka kusema na pia kusikia alihitaji miunganisho miwili, na kwa hiyo namba mbili zilizofuatana, moja shufwa na moja witiri. Ilipokuja itifaki mpya ya TCP, yenye muunganisho unaokwenda na kurudi, namba moja ikatosha. Witiri zikabaki kazini, nyingi ya shufwa zikaachwa tupu. Mwaka 1995 Tatu Ylönen wa Helsinki alihitaji namba kwa ajili ya SSH, programu yake ya kuingia kwa usalama kwenye mashine ya mbali. Akaona nafasi kati ya 21 na 23, akaiomba 22, akapewa. Ndiyo sababu hadi leo fundi wa seva wa Dodoma au Kisumu anabisha kwenye mlango ulioachwa wazi na itifaki iliyokwisha kufa.

Napenda kuanzia hapo kwa sababu namba hizo ni kama kuta za Gedi: waliozijenga hawapo, lakini ukiona mlango ulipokuwa unajua watu waliingilia wapi. Na historia ninayotaka kuisimulia ni ya milango. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wamekuwa wakitafuta njia ya kumwezesha mtu wa kawaida kuandika programu inayozungumza na programu nyingine iliyo kwenye mashine nyingine, bila yeye kulazimika kujua habari za waya. Karibu kila hatua waliyopiga ilikuwa ya kuficha jambo fulani. Kuna jambo moja ambalo kila mara lilikataa kufichika.

Lilijitokeza usiku wa kwanza kabisa. Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu usiku, Charley Kline aliketi katika chuo cha UCLA, Los Angeles, akajaribu kuingia kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stanford, SRI, iliyokuwa mamia ya kilomita kaskazini. Alikusudia kuandika neno LOGIN. Ikafika L, ikafika O, kisha kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Iliyoanguka ni ya upande wa pili, si ya kwake. Mashine ya Kline ilikuwa nzima, imewaka, inangoja jibu kutoka kwa asiyekuwapo. Baadaye usiku huohuo walifaulu, na sherehe zote huadhimisha kufaulu huko. Mimi naona kile kisa cha herufi mbili kilikuwa na mafunzo zaidi.

Waliobuni sheria za mazungumzo hayo walikuwa wanafunzi wa shahada za juu, wengi wao vijana wasio na hakika kama wana mamlaka ya kubuni chochote. Steve Crocker, aliyeandika waraka wa kwanza tarehe 7 Aprili 1969, aliupa mfululizo wao jina la unyenyekevu, ombi la maoni, ili asionekane amewaamuru wakubwa. Ndani ya nyaraka hizo, mwaka 1970, likajitokeza neno soketi. Mswahili anaijua soketi ya ukutani, tundu ambalo unachomeka pasi bila kujua umeme unatoka Mtera au Kidatu. Maana waliyoikusudia haikuwa mbali na hiyo: ncha ya muunganisho, mahali pa kuchomekea.

Tatizo ni kwamba kila aliyechomeka alijitungia lugha yake. Programu ya mafaili ilikuwa na amri zake na namba zake za majibu; programu ya kazi za mbali ikawa na nyingine. Aliyetaka kuleta huduma mpya kwenye mtandao alianza kwa kubuni mazungumzo mazima: nani anaanza, neno la kwanza ni lipi, kosa linatangazwaje, nani anaaga. Mwishoni mwa mwaka 1975 mtafiti wa SRI huko Menlo Park, James White, aliandika waraka wa 707 akilalamikia jambo hilo, na ndani yake akaweka wazo ambalo limezaa nusu ya yote yaliyofuata.

Mwandishi wa programu, alisema White, amekwisha kuzoea kugawa kazi yake katika vifungu. Unaita kifungu kwa jina, unakipa namba za kufanyia kazi, kinakurudishia jibu. Ukiita kifungu cha kukokotoa riba hujali kiliandikwa na nani wala kimekaa wapi kwenye kumbukumbu. Basi kwa nini kifungu kisikae kwenye kompyuta ya Boston na mwitaji akawa California? Iwekwe itifaki moja ya kuuliza na kujibu, kila mashine iwe na programu ya kuishughulikia, na mwandishi aachwe aite tu. Pendekezo lilikuwa safi. Lakini White alikuwa mwaminifu kuliko wengi waliomfuata: kuelekea mwisho wa waraka alitahadharisha kwamba mfano huo unaweza kumpotosha mwandishi, maana kuita kifungu cha nyumbani ni rahisi na kuita cha mbali ni ghali. Mistari michache tu. Ilichukua karibu miaka 20 mtu mwingine kuirudia kwa sauti ya kusikika.

Wakati huo wazo lililoteka ulimwengu halikuwa la White. Lilitoka ng'ambo ya ghuba, Berkeley.

Mwaka 1974 Vint Cerf na Robert Kahn walikuwa wamechapisha mpango wa kuunganisha mitandao tofauti, na tarehe 1 Januari 1983 ikawekwa kuwa siku ya ARPANET yote kuhamia TCP/IP. Jeshi la Marekani, kupitia wakala wake wa utafiti, lilitaka mfumo endeshi mmoja, Unix, ambao vyuo vingeutumia, likaikabidhi Berkeley fedha na kazi hiyo. Kampuni ya BBN ilileta TCP/IP iliyoandikwa tayari. Bill Joy, kijana aliyekuwa mhimili wa kundi la Berkeley, aliichukua, akaiingiza ndani ya Unix, akainoa mpaka ikakimbia. Joy aliondoka mwaka 1982 kwenda Sun Microsystems. Sam Leffler akaimalizia kazi, na Agosti 1983 ikatoka 4.2BSD, Unix ya Berkeley. Ndani ya mwaka mmoja na nusu leseni zake zilikuwa zimepita 1,000, na kila leseni ilikuwa ya taasisi nzima, si ya mtu mmoja.

Kilichowavutia watu ni udogo wa seti ya amri. Kwa upande wa seva ziko nne, na ukizisoma kwa Kiswahili zinageuka kuwa desturi ya nyumbani. Amri ya socket inakujengea mlango. Bind inaandika namba ya nyumba juu yake. Listen inakukalisha barazani. Accept ni kuitikia "karibu". Mteja anahitaji mbili tu: kujenga mlango wake, na connect, ambayo ni kubisha hodi. Baada ya hapo kila upande unasoma na kuandika kana kwamba ule muunganisho ni faili. Hapo ndipo palipokuwa na uerevu. Watu wa Unix walikuwa wamezoea kuandika kwenye faili tangu somo la kwanza. Sasa aliyeweza kuandika kwenye diski aliweza kuandika hadi Norway. Pakiti iliyopotea njiani, iliyofika mara mbili, iliyomtangulia mwenzake, yote hayo TCP iliyashughulikia chini kwa chini, na mwandishi hakuambiwa.

Asichokingwa nacho ni kingi. Lugha ya C ya wakati ule haikuwa bado na namna safi ya kusema "hiki ni kielekezi cha kitu chochote", kwa hiyo wana Berkeley walibuni umbo la anwani la jumla ambalo kila anwani halisi lazima ijifanye kuwa hilo. Wanafunzi wanaikariri mistari hiyo mpaka leo bila kuielewa, kama mtoto wa madrasa anayehifadhi kabla ya kufundishwa tafsiri. Kisha kuna mpangilio wa baiti. VAX, mashine ya Berkeley, iliweka baiti ndogo mbele. Mtandao uliamua baiti kubwa itangulie. Ugomvi huo ulikuwa mkali kiasi kwamba tarehe 1 Aprili 1980 Danny Cohen aliandika waraka wa kuwasuluhisha, akiazima kutoka kwa Jonathan Swift kisa cha mataifa mawili yanayopigana juu ya ncha ipi ya yai ivunjwe kwanza. Waraka ni wa mzaha, madhara si mzaha. Mwandishi anayetaka poti 8080 akasahau kugeuza baiti anajikuta amefungua poti 36895, na mashine haimwambii kitu. Nimewahi kupoteza jioni nzima nikibisha kwenye mlango sahihi wa nyumba niliyoijenga kwingine.

Mtego mkubwa zaidi ulikuwa mwingine. TCP ni bomba, na maji ya bombani hayajui yalimwagwa kwa ndoo ngapi. Ukituma "Hodi" kisha "Mzee", upande wa pili unaweza kupokea "HodiM", halafu "zee". Mbaya zaidi, kwenye meza yako, mashine mbili zikiwa chumba kimoja, maneno huwa yanafika yakiwa mazima kila mara. Programu inapita majaribio yote. Inaharibika siku inapofungwa kwa mteja, penye mtandao wa polepole. Sijui mwanafunzi wa fani hii ambaye hakuangukia shimo hilo, na ninaowaamini zaidi ni wale wanaokiri.

Berkeley wenyewe waliona uzito wa upande wa seva, na katika toleo la 4.3BSD la mwaka 1986 wakaleta inetd, programu ninayoipenda kwa upole wake. Ni bawabu mmoja anayekaa kwenye milango yote. Mgeni akibisha, bawabu anamwamsha mwenye nyumba na kumkabidhi mazungumzo kama vile ni maandishi ya kibodi na kioo. Mwenye nyumba hahitaji kujua lolote kuhusu soketi. Anasoma anachosomewa, anajibu, anamaliza. Mtu aliweza kuandika seva kwa mistari mitano ya lugha ya ganda (shell). Mwaka 1993 vijana wa NCSA huko Illinois walitumia hila ileile kuziwezesha seva za wavuti kuita programu, wakaiita CGI, na miaka mingi ya kurasa za wavuti ilijengwa juu yake.

Wakati Berkeley wanajenga milango, Palo Alto kulikuwa na watu waliotaka kuiondoa isionekane kabisa. Katika maabara ya Xerox, Andrew Birrell na Bruce Nelson walichukua ndoto ya kuita kifungu cha mbali wakaitimiza kwa ukamilifu, na mwezi Februari 1984 wakachapisha namna walivyofanya. Siri yao ni wakala. Mwandishi anaandika maelezo ya vifungu anavyotaka viitike kwa mbali. Programu iitwayo Lupine inayasoma na kumtengenezea mawakala wawili. Wakala wa upande wa mteja ana jina lilelile la kifungu halisi. Unamwita ukidhani umemwita mwenyewe. Yeye anafunga hoja zako kwenye pakiti, anazituma, anangoja. Wakala wa upande wa seva anafungua furushi, anaita kifungu cha kweli, anafunga jibu na kulirudisha. Sisi tuliozoea kumpa wakala wa dukani noti mkononi na ndugu kijijini akapokea ujumbe wa simu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wakapima. Kwenye mashine zao za Dorado, kuita kifungu kisicho na hoja wala jibu ndani ya mashine moja kulichukua maikrosekunde 9. Kukiita kwa mtandao kulichukua takriban 1,100. Ilikuwa kazi nzuri ajabu kwa wakati wake. Hata hivyo ni zaidi ya mara 100, na hiyo ni ndani ya jengo moja. Msimbo ulioandikwa pande zote mbili ulifanana kwa kila herufi.

Sun walilibeba wazo hilo sokoni. Walitoa zana ya kuzalisha mawakala, wakachapisha itifaki zao ili yeyote azitumie, na juu yake wakaweka NFS, mfumo wa mafaili uliotoka mwaka 1985. Faili lililo kwenye mashine ya mwenzako likaonekana kama lako. Programu za zamani, zilizoandikwa na watu wasiowahi kusikia habari za mtandao, zikaanza kusoma diski za mbali bila kubadilishwa hata mstari mmoja. Huwezi kurahisisha zaidi ya hapo.

Lakini programu ya zamani inayosoma faili haijui kwamba faili linaweza kutojibu. Diski ikifa, kompyuta nzima imekufa na hakuna anayebaki kuuliza. Seva ya mbali ikifa, wewe uko hai. NFS iliwapa mafundi njia mbili. Ya kwanza, baada ya kungoja, ilirudisha kosa ambalo programu haikuwahi kuandaliwa kulipokea, na data zikaharibika kimyakimya. Ya pili ilingoja milele. Wengi walichagua ya pili, na kizazi kizima cha wasimamizi wa mifumo kikazeeka kikitazama ujumbe uleule ukijirudia kwenye kioo, kwamba seva haijibu, bado inajaribiwa. Leslie Lamport alilifanyia jambo hili mzaha mwaka 1987 katika barua pepe kwa wenzake: mfumo uliosambaa, kwa maana yake, ni ule ambamo kompyuta usiyojua hata kama ipo ikianguka, yako haifai tena.

Mwaka 1994, ndani ya Sun yenyewe, Jim Waldo na wenzake watatu, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, waliandika karatasi fupi na kali. Kila mara, walidai, tasnia hii inajaribu kuufanya umbali usionekane, na kila mara inashindwa kwa sababu zilezile. Mwendo wa mwanga ni mojawapo, lakini si kubwa. Kubwa ni kuanguka nusu. Ukituma ombi na jibu lisije, huna njia ya kujua kama ombi lilipotea kabla ya kufika, au kazi ilifanyika na jibu ndilo lililopotea, au seva bado inatafakari. Ndani ya mashine moja swali hilo halipo. Kwa hiyo huwezi kulificha kwa kubuni wakala mwerevu zaidi. Ukilificha umemnyima mwandishi habari pekee aliyohitaji. NFS ilikuwa mfano wao.

Katika kampuni hiyohiyo Peter Deutsch alikuwa akikusanya orodha ya mambo ambayo wageni wa fani hudhani ni kweli: kwamba mtandao ni wa kutumainiwa, kwamba hauna ukawiaji, na mengineyo. James Gosling aliongeza la nane. Na Ann Wollrath akaendelea kubuni namna ya kuita vifungu vya mbali katika Java, iliyotoka mwaka 1997, na humo akaweka kitu kilichowakera waandishi wengi: kila kifungu cha mbali kililazimika kutangaza waziwazi kwamba kinaweza kushindwa kwa sababu ya mtandao, na kila anayekiita alilazimika kusema atafanya nini kikishindwa. Walimlaumu kwa kuwaongezea maandishi. Mimi namtetea. Yeye ndiye aliyekuwa ameisoma karatasi ya 1994, maana aliiandika.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na CORBA, mradi wa muungano wa mamia ya makampuni, ulioahidi kwamba kitu chochote kwa lugha yoyote kitaita kitu kingine popote. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991. Vitabu vyake vilikuwa vinene. Nitaishia hapo.

Maana mwaka 1991 uleule, huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, Tim Berners-Lee alikuwa akitumia itifaki ya wavuti, HTTP, ambayo wataalamu wangeweza kuicheka. Mteja anafungua muunganisho, anaandika mstari mmoja: neno GET na jina la ukurasa. Seva inamwaga ukurasa, inafunga mlango. Ndiyo itifaki nzima. Haimkumbuki aliyekuja jana, haina mawakala, haijifanyi kwamba seva iko nyumbani kwako. Ungeweza kuizungumza kwa vidole vyako kupitia Telnet. Na kwa kuwa GET ilikusudiwa kusoma tu bila kubadilisha kitu, lile swali la Waldo likapata jibu la mkato: jibu lisipokuja, uliza tena, hakuna kitakachoharibika. Kila aliyewahi kubofya kitufe cha kupakia upya ukurasa amelitumia jibu hilo.

Roy Fielding, aliyeshiriki kuandika matoleo rasmi ya itifaki hiyo, alieleza sababu za uimara wake katika tasnifu yake ya udaktari huko Irvine mwaka 2000, akaipa mtindo huo jina la REST. Haikuzuia watu kujaribu kurudi walikotoka. Mwaka 1998 XML-RPC ilianza kupitisha wito wa vifungu vya mbali ndani ya HTTP, ikapata mdogo wake SOAP, na SOAP ikakusanya nyongeza juu ya nyongeza mpaka ombi la kujua salio likafungwa kwenye bahasha ndefu kuliko mkataba wa nyumba. Sehemu ya mvuto wake ilikuwa ya kihuni kidogo: walinzi wa mitandao ya makampuni walikuwa wamefunga milango yote isipokuwa ule wa wavuti, basi kila kitu kikajivika nguo za wavuti na kupita.

Upande wa seva nako mambo yalikuwa yameanza kubana. Mwaka 1999 Dan Kegel alisema kompyuta za siku hizo zina nguvu ya kutosha kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja, ila programu zetu haziwezi. Tatizo lilikuwa la ukondakta. Mtindo wa zamani ulikuwa kumwekea kila abiria kondakta wake, yaani mchakato au uzi kwa kila muunganisho. Ni rahisi kuandika, lakini daladala inajaa makondakta. Mtindo wa pili ulikuwa amri ya Berkeley iitwayo select: kondakta mmoja anayepita siti kwa siti kila kituo akiuliza, "Wewe unashuka? Na wewe?" Kwa abiria 20 sawa. Kwa 10,000 basi halifiki. FreeBSD mwaka 2000 na Linux mwaka 2002 zikapata kondakta anayetulia mlangoni mpaka abiria mwenyewe apige kelele ya "Shusha!" Igor Sysoev, msimamizi wa mifumo wa Urusi, alijenga nginx kwa mtindo huo na kuitoa hadharani mwaka 2004.

Lakini ukondakta wa namna hiyo hugeuza programu nje ndani. Badala ya kuandika "soma ombi, tafuta, jibu" kwa mfululizo, unaandika vipande: likitokea hili fanya lile, nalo likiisha fanya lile jingine. Ryan Dahl aliuleta mtindo huo kwa umma mwaka 2009 alipoionyesha Node.js mjini Berlin, na seva ikawezekana kwa mistari michache ya JavaScript. Furaha ilikuwa kubwa. Baada ya miezi michache waandishi wakajikuta na kifungu ndani ya kifungu ndani ya kifungu, kona ya kulia ya kioo ikifika kabla ya wazo kumalizika.

Ericsson walikuwa wamelitatua jambo hilo kitambo bila kelele. Erlang, lugha iliyoanzia huko katika miaka ya 1980 mikononi mwa Joe Armstrong na wenzake kwa ajili ya mitambo ya simu, ina michakato myepesi sana, ambayo unaweza kuianzisha kwa malaki, na imejengwa juu ya dhana kwamba kila kitu kitaanguka, hivyo awepo mwingine wa kukiangalia. Sehemu ya seva ya WhatsApp iliandikwa kwa lugha hiyo. Mwanzoni mwa 2012 wahandisi wake walitangaza kwamba seva moja yao ilibeba miunganisho zaidi ya milioni 2. Salamu za asubuhi za makundi yetu ya familia, na zile picha za maua, zinapita kwenye wazo la mafundi wa simu wa Sweden.

Na Novemba 2009, mwezi uleule wa Berlin, Google ilitangaza lugha ya Go. Mmoja wa waanzilishi wake watatu alikuwa Ken Thompson, mtu aliyeianzisha Unix yenyewe mwaka 1969. Yeye na mwanzilishi mwenzake Rob Pike walikuwa wametoka Bell Labs, ambako baada ya Unix walijenga mfumo uitwao Plan 9. Humo zile hatua za Berkeley zilikunjwa kuwa kifungu kimoja, dial, kama kupiga simu: taja itifaki, jina na huduma, upewe muunganisho. Hakuna umbo la anwani linalojifanya jingine, hakuna baiti za kugeuza. Plan 9 haikupata soko. Dial ikahamia Go na jina lake. Na chini ya Go yupo kondakta wa mlangoni, lakini mwandishi hamwoni. Anaandika "soma, tafuta, jibu" kwa mfululizo, uzi mwepesi kwa kila mteja, kama seva ya 1983.

Google walipotoa hadharani mfumo wao wa kuita vifungu vya mbali mwaka 2015, wakauita gRPC, waliuwekea kila wito nafasi ya kutaja mwisho wa kungoja, na mwisho huo unaweza kusafiri pamoja na ombi kutoka seva hadi seva. Kwa lugha nyingine, walikubali yaishe. Umbali umo ndani ya wito, umeandikwa.

Kwetu milango hii ilianza kupata majina ya nyumbani katika muongo wa 2010. Kutuma ujumbe wa simu kutoka kwenye programu kulimaanisha kuzungumza SMPP, itifaki ya baiti inayotaka muunganisho ulioshikwa wazi muda wote na makubaliano na kila kampuni ya simu. Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, iliificha nyuma ya ombi la kawaida la HTTP. Kijana mwenye kompyuta ya kuazima akaweza kutuma ujumbe kwa mitandao kadhaa. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, njia ya programu kuifikia M-Pesa, na jina hilo sioni lingeweza kuchaguliwa vizuri zaidi.

Angalia linavyofanya kazi ombi la kumtaka mteja alipe. Programu ya duka inatuma ombi lenye namba ya simu na kiasi. Jibu linarudi upesi, lakini si jibu la malipo. Linasema tu ombi limepokelewa, na namba yake ni hii. Muunganisho unafungwa. Simu ya mnunuzi inamwomba namba ya siri. Baadaye seva ya M-Pesa inageuka kuwa mteja: inabisha hodi kwenye anwani ambayo duka liliiacha, na kuleta matokeo. Hakuna mtu anayejifanya kwamba kifungu kimeitwa na kimejibu. Iko pia huduma ya kuuliza ombi namba fulani liliishia wapi, kwa ajili ya siku ambayo ile hodi ya pili haikusikika kwa sababu seva ya duka ilikuwa imezimika au umeme umekatika.

Mtengenezaji wa programu hiyo ya duka anaweza kuiandika yote mchana mmoja, kwa lugha yoyote, bila kuona soketi wala baiti hata moja. Mistari itakayomkalisha mpaka usiku ni ile ya baada ya namba ya siri kuingizwa. Simu inasema imetumwa. Kioo cha dukani bado kinazunguka. Muuzaji anakitazama, mnunuzi anamtazama muuzaji, na mkate uko juu ya meza katikati yao.